Georg Simon Ohm: mwalimu wa sekondari aliyeupa umeme hesabu yake

Mwezi wa tatu mwaka 1828, mwalimu mmoja wa hesabu na fizikia katika ufalme wa Prusia aliacha kazi yake ya sekondari bila kuwa na kazi nyingine mkononi. Alikuwa anatimiza miaka 39, hana mke wala mtoto, na mwaka mmoja nyuma alikuwa amechapisha kitabu alichotumaini kingemfungulia mlango wa chuo kikuu. Mlango haukufunguka. Ndani ya kitabu hicho kulikuwa na kanuni ambayo leo mwanafunzi wa sekondari ya ufundi, awe Bukavu, Lubumbashi au Berlin, anaiandika kwenye daftari kwa herufi tatu tu. Mwalimu huyo aliitwa Georg Simon Ohm. Mafundi wa umeme wanalitaja jina lake kila siku wanaposema omu, na wengi wao hawajui kwamba lilikuwa jina la mtu.

Mtoto wa fundi wa kufuli

Ohm alizaliwa tarehe 16 mwezi wa tatu 1789 katika mji wa Erlangen, kusini mwa Ujerumani ya leo. Baba yake, Johann Wolfgang, alikuwa fundi wa kufuli. Mama yake, Maria Elisabeth, alikuwa binti wa fundi cherehani. Walizaa watoto saba, lakini ni watatu tu waliofika utu uzima: Georg, mdogo wake Martin, na dada yao Elisabeth Barbara. Mama alifariki Georg akiwa na miaka kumi.

Baba huyo hakuwa mtu wa kawaida. Hakusoma shule kubwa, ila alijifundisha mwenyewe hesabu na sayansi hadi akaweza kuwafundisha wanawe nyumbani, kiwango cha juu kuliko walichokipata darasani. Profesa mmoja wa chuo kikuu cha Erlangen, Karl Christian von Langsdorf, aliwapima vijana hao wawili na kushangaa. Aliwalinganisha na akina Bernoulli, ukoo wa Uswisi uliotoa wanahesabu wakubwa kizazi baada ya kizazi. Kwa fundi wa kufuli, hiyo ilikuwa sifa ya kulala nayo.

Mwaka 1805 Georg aliingia chuo kikuu, na hapo akafanya yale ambayo vijana wengi wanaofika chuo wanafanya: kucheza dansi, biliadi, na kuteleza kwenye barafu. Baba alikasirika. Baada ya mihula mitatu tu alimtoa na kumpeleka Uswisi, ambako mwaka 1806 kijana huyo wa miaka 17 alianza kufundisha hesabu katika shule ya Gottstadt. Miaka mitatu baadaye akahamia Neuchâtel kuwa mwalimu wa nyumbani. Langsdorf alipohamia Heidelberg, Ohm alitaka kumfuata, lakini profesa alimshauri abaki na ajisomee mwenyewe vitabu vya Euler, Laplace na Lacroix. Alitii. Masomo hayo ya peke yake yalimsaidia pengine kuliko kiti cha darasani, maana vitabu vya Wafaransa vilimfundisha kuandika mambo ya asili kwa lugha ya hesabu. Jambo hilo ndilo lingekuja kumpa jina, na pia kumletea matatizo.

Mwaka 1811 alirudi Erlangen, akapata udaktari tarehe 25 mwezi wa kumi, akafundisha chuoni mihula mitatu. Malipo hayakutosha hata kula. Kuanzia 1813 serikali ya Bavaria ilimpa kazi katika shule dhaifu ya mji wa Bamberg. Shule hiyo ilifungwa mwaka 1816, na Ohm akahamishiwa nyingine katika mji huohuo iliyojaa wanafunzi kupita kiasi. Wakati huo alikuwa ameandika kitabu cha jiometri kwa wanaoanza. Nakala yake aliituma kwa mfalme wa Prusia, Friedrich Wilhelm wa Tatu. Mfalme aliridhika, na mwezi wa tisa 1817 Ohm akapewa nafasi ya kufundisha hesabu na fizikia mjini Cologne, katika sekondari ambayo zamani ilikuwa mikononi mwa Wayezuiti. Miongoni mwa wanafunzi wake hapo alikuwa Dirichlet, aliyekuja kuwa mmoja wa wanahesabu wakubwa wa Ulaya.

Maabara ya Cologne

Shule ya Cologne ilikuwa na kitu ambacho Ohm hakuwahi kukipata: maabara yenye vyombo vizuri. Kwa mtoto wa fundi aliyejua kushika patasi na tupa, huo ulikuwa utajiri. Vyombo vilivyokosekana alivitengeneza mwenyewe.

Umeme wenyewe ulikuwa bado jambo geni. Mwitaliano Volta alikuwa ametangaza betri ya kwanza mwaka 1800. Mwaka 1820 Oersted, kule Denmark, alionyesha kwamba waya unaopitisha umeme unasogeza sindano ya dira. Watu walijua umeme unapita, walijua unaleta joto, unaleta cheche, unatikisa mwili. Lakini ukiuliza ni kiasi gani unapita, na kwa nini waya huu unaupitisha vizuri kuliko ule, ulipata maneno mengi na namba chache.

Ohm alitaka namba. Jaribio lake la kwanza, alilolichapisha mwaka 1825, lilikuwa rahisi kulieleza: chukua betri, unganisha nyaya za urefu mbalimbali, halafu pima kwa sindano ya sumaku nguvu inapungua kiasi gani waya unapokuwa mrefu. Tatizo lilikuwa betri. Betri za siku hizo zilianza kwa nguvu nyingi na kulegea baada ya muda mfupi, kwa hiyo kila kipimo kilikuwa kinapimwa juu ya chanzo kilichokwisha kubadilika. Kanuni aliyoitoa mwaka huo haikuwa sahihi, na aliichapisha kwa haraka. Waliomkosoa baadaye walikuwa na sababu ya kumtazama kwa jicho la pembeni.

Msaada ulitoka kwa Poggendorff, mhariri wa jarida la fizikia lililochapisha kazi zake. Alimshauri aachane na betri na kutumia ugunduzi wa mwaka 1821 wa Thomas Seebeck: ukiunganisha metali mbili tofauti, upande mmoja ukiwa wa moto na mwingine wa baridi, umeme unapita. Umeme huo ni mdogo, lakini haubadiliki mradi joto halibadiliki. Ohm alichukua kipande cha bismuti na shaba, maungio ya upande mmoja akayaweka kwenye maji yanayochemka na ya upande wa pili kwenye barafu. Maji yanayochemka yanabaki kwenye joto lake, barafu inayoyeyuka inabaki kwenye baridi yake. Chanzo kikatulia.

Juu ya mzunguko huo alining'iniza sindano ya sumaku kwenye uzi mwembamba wa metali. Umeme ulipopita, sindano iligeuka. Ohm aliusokota uzi hadi sindano irudi mahali pake, na kiasi cha kusokota ndicho kilichokuwa kipimo cha mkondo. Mwezi wa kwanza 1826 alipima nyaya nane za shaba zenye unene mmoja, kuanzia inchi 2 hadi inchi 130.

Waya wa inchi 2 ulimpa karibu 327. Wa inchi 130 ulimpa 48 na nusu. Hapo mtu wa kawaida angekwama, kwa sababu waya umerefuka mara 65 lakini mkondo haukupungua hata mara saba. Ohm aliona kilichofichika: si waya peke yake unaozuia umeme. Kile kipande cha bismuti, maungio na sehemu nyingine za mzunguko navyo vinazuia. Alipiga hesabu na kukuta kwamba vyote hivyo kwa pamoja vinazuia sawasawa na waya uleule wa shaba wenye inchi 20 na robo. Ongeza namba hiyo kwenye kila urefu: inchi 2 zinakuwa 22 na robo, inchi 130 zinakuwa 150 na robo. Gawa ya pili kwa ya kwanza, unapata mara 6.75. Gawa 327 kwa 48 na nusu, unapata karibu ileile. Namba zilikubaliana kwa nyaya zote nane kwa tofauti ndogo sana.

Kwa lugha ya leo, alichokipata ni hiki: mkondo wa umeme ni sawa na msukumo uliogawanywa kwa ukinzani wa mzunguko mzima. Msukumo tunaupima kwa volti, mkondo kwa ampea, na ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia umeme kupita, kwa omu. Ukijua viwili, cha tatu hakijifichi. Pasi iliyochomekwa kwenye volti 220 na kuvuta ampea 5 ina ukinzani wa omu 44, yaani 220 kugawa kwa 5. Hakuna haja ya kuifungua.

Kitabu cha Berlin

Mwezi wa nane 1826 Ohm alipewa ruhusa ya mwaka mmoja kwa nusu mshahara, akaenda Berlin kuandika. Alikaa kwa mdogo wake Martin, ambaye alikuwa anafundisha hesabu huko. Mwaka 1827 kitabu kikatoka: Die galvanische Kette, mathematisch bearbeitet, yaani mzunguko wa umeme ukielezwa kwa hesabu. Ndani yake alifuata njia ya Mfaransa Fourier aliyeeleza jinsi joto linavyosafiri ndani ya chuma: joto linasukumwa na tofauti ya joto kati ya sehemu mbili, na umeme vilevile unasukumwa na tofauti kati ya sehemu mbili za waya.

Mapokezi yalikuwa mabaya. Georg Friedrich Pohl, mwanafizikia aliyefuata falsafa ya Hegel iliyokuwa na nguvu sana Berlin wakati huo, alikishambulia kitabu hicho kwa maandishi makali na kukiona kama ndoto tupu isiyoshika ukweli wa asili. Kwa watu wa mawazo hayo, asili ilieleweka kwa kufikiri kwa kina, na kupima nyaya kwa inchi kulikuwa kazi ya fundi. Wengine hawakukichukia ila hawakukielewa, kwa kuwa wanafizikia wengi wa Ujerumani hawakuzoea hesabu ya aina hiyo.

Hata hivyo, hadithi inayorudiwa mara nyingi, kwamba Ujerumani nzima ilimfukuza mtu mwenye haki, imetiwa chumvi. Ohm mwenyewe alichangia shida yake. Majaribio yake ya 1826, ambayo yalikuwa ushahidi wake mkubwa, hayakupewa nafasi ya mbele kwenye kitabu. Aliyafunika kwa kurasa za hesabu ngumu kana kwamba anawaandikia Wafaransa. Na Gustav Fechner wa Leipzig, Mjerumani mwenzake, alirudia vipimo hivyo na kuvithibitisha mwaka 1831. Kilichomuumiza Ohm kilikuwa cha kawaida zaidi, na wasomi wengi wa nchi zetu wanakijua: alihitaji nafasi, na waliokuwa na nafasi za kugawa hawakuona kwamba alichokifanya kina thamani.

Aliona aibu kurudi Cologne mikono mitupu, hivyo akajiuzulu. Kwa miaka mitano aliishi Berlin kwa vipindi vya hesabu hapa na pale, saa tatu kwa wiki katika chuo cha kijeshi, bila cheo na bila maabara. Mtu aliyekuwa amepata kanuni kuu ya umeme hakuwa na meza ya kuweka sindano yake.

London yaamka kwanza

Mwaka 1833 hali ilipungua ukali: alipata uprofesa katika shule ya ufundi ya Nuremberg, na mwaka 1839 akawa mkuu wake. Haikuwa chuo kikuu alichokitaka, lakini ilikuwa mshahara. (Leo chuo cha ufundi cha mji huo kinabeba jina lake.)

Wakati yeye anafundisha Nuremberg, wengine walikuwa wanaikuta kanuni yake kwa shida. Kule Paris, Claude Pouillet alifanya majaribio yanayofanana na kufika palepale. Wavumbuzi wa telegrafu waliotaka kupeleka umeme mbali waliona kwamba haupungui ovyoovyo, na aliyekuwa na maelezo alikuwa ni huyo mwalimu wa Bavaria. Mwaka 1841 kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiingereza, na mwaka huohuo Royal Society ya London ikampa medali ya Copley, tuzo yake ya juu kabisa. Mwaka uliofuata ikamfanya mwanachama wa kigeni. Mwaka 1843 Charles Wheatstone aliwaeleza Waingereza kanuni hiyo na jinsi ya kupima ukinzani. Ni baada ya hapo ndipo akademia ya Bavaria, nyumbani kwake, ilipompa uanachama kamili, mwaka 1845.

Hapohapo katikati kuna kisa kingine kidogo. Mwaka 1843 Ohm aliandika juu ya sauti, akisema kwamba sikio linapokea sauti ya muziki kwa kuitenganisha katika sauti nyepesi nyingi. Aliyempinga kwa nguvu alikuwa August Seebeck, mtoto wa yuleyule Thomas Seebeck ambaye ugunduzi wake ulimwokoa mwaka 1826. Ohm hakuuendeleza ugomvi. Aliacha somo hilo. Helmholtz alilifufua baadaye na kuonyesha kwamba wazo lilikuwa na msingi.

Wati zimetoka wapi

Hesabu ya nguvu, ile ya wati inayoandikwa chini ya kila jiko la umeme, haikuwa ya Ohm, ingawa bila yeye isingewezekana. Ilitoka kwa Mwingereza James Prescott Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia karibu na Manchester. Mwaka 1841, mwaka uleule wa medali, Joule alionyesha kwamba joto linalotoka kwenye waya linafuata ukinzani wake ukizidishwa na mkondo mara mkondo. Ukiunganisha hilo na kanuni ya Ohm, unapata hesabu nyepesi zaidi: volti mara ampea ni wati. Pasi yetu ya volti 220 na ampea 5 inatumia wati 1100.

Hapa ndipo faida inapoonekana nyumbani. Umeme ukilegea jioni hadi volti 160, ile pasi yenye omu 44 haivuti tena ampea 5 bali 3.6 hivi. Zidisha 160 kwa 3.6, unapata wati zipatazo 580. Volti zimepungua kama robo, lakini nguvu imebaki kidogo tu zaidi ya nusu. Anayelalamika kwamba pasi haichomi hajakosea, na hesabu inamuunga mkono.

Kanuni ina mpaka wake, na Ohm alipima nyaya zilizotulia kwenye joto lao. Ampuli ya zamani ya waya, ya wati 60 kwenye volti 220, inapowaka ina ukinzani wa omu 800 hivi. Ipime kwa multimeta ikiwa imezimwa na imepoa, utakuta hata mia haifiki. Multimeta haijaharibika: waya wa ndani ukipata moto mkali ukinzani wake unapanda mara kumi na zaidi.

Kiti cha Munich, kisha jina

Mwaka 1849 Ohm aliitwa Munich kusimamia vyombo vya fizikia vya akademia na kufundisha chuoni. Mwaka 1852, akiwa na miaka 63, hatimaye alipewa kiti kamili cha profesa wa fizikia, kile alichokitafuta tangu ujana. Alikikalia miaka miwili. Alifariki Munich tarehe 6 mwezi wa saba 1854 na kuzikwa katika makaburi ya zamani ya kusini mwa mji.

Kilichoyafanya majina ya wanasayansi kuwa vipimo kilikuwa biashara. Mwaka 1858 waya wa kwanza wa telegrafu ulilazwa chini ya bahari ya Atlantiki, kutoka Ireland hadi Newfoundland. Msimamizi wake wa umeme aliutia msukumo mkubwa mno, na baada ya wiki chache ukafa pamoja na fedha za wenye hisa. Uchunguzi ulionyesha kwamba mafundi hawakuwa hata na vipimo vya pamoja vya kuongelea. Mwaka 1861 wanasayansi wa Uingereza waliunda kamati ya kuweka kipimo cha ukinzani. Kampuni za nyaya zilikihitaji haraka, kwa sababu kinaonyesha waya umekatikia wapi: kama kila kilomita ina omu 2 na kipimo kutoka pwani kinaonyesha omu 600, meli ya matengenezo inatumwa karibu na kilomita ya 300, haizunguki bahari yote.

Mwaka 1881 mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa umeme mjini Paris ulipitisha majina matatu pamoja: volti kwa heshima ya Volta, ampea kwa Mfaransa Ampère, na omu kwa yule mwalimu. Herufi O ingechanganywa na sifuri, kwa hiyo alama yake ikawa omega ya Kigiriki, ile iliyochorwa kwenye kila multimeta.

Miaka miwili kabla ya mkutano huo, James Clerk Maxwell alikuwa amechapisha maandishi ya Mwingereza tajiri na mpenda upweke, Henry Cavendish, aliyekufa mwaka 1810. Ilionekana kwamba Cavendish alikuwa amefikia jambo hilohilo miaka karibu 45 kabla ya Ohm, akitumia mwili wake kama chombo: alilinganisha jinsi umeme ulivyomtikisa mikononi kupitia mirija ya maji ya chumvi. Hakumwambia mtu. Jina likabaki kwa aliyechapisha.

Mwanafizikia wa Uingereza William Thomson, akitafuta jina la kinyume cha ukinzani, yaani urahisi wa umeme kupita, aliligeuza tu jina la Ohm nyuma mbele, likawa mho. Mafundi walilitumia miaka mingi, hadi mkutano wa kimataifa wa vipimo wa mwaka 1971 ulipolibadilisha rasmi kuwa siemens.